Upimaji wa Asidi Huru za Mafuta Katika Damu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa na madaktari wanaoagiza kipimo hiki kwa mara ya kwanza, wanafunzi wa sayansi ya maabara, na watafiti wanaopanga kukusanya sampuli mbali na maabara kuu. Majibu yamekaa zaidi kwenye hatua zinazotangulia mashine, kwa sababu makosa makubwa ya kipimo hiki hutokea kati ya mkono wa mgonjwa na friza, na hakuna mashine, hata iwe ya gharama kiasi gani, inayoweza kuyasahihisha baadaye.

Asidi huru za mafuta ni nini?

Mafuta mengi mwilini huhifadhiwa kama trigliseridi, yaani asidi tatu za mafuta zilizounganishwa na gliseroli. Mwili unapohitaji nishati ilhali hakuna chakula kilichoingia, vimeng'enya vilivyo ndani ya seli za mafuta huvunja muunganiko huo, na asidi hizo huingia katika damu zikiwa hazijaunganishwa tena na gliseroli. Ndiyo maana zikaitwa huru. Kwa kuwa haziyeyuki vizuri katika maji, hushikwa na protini ya albumini, nayo huzisafirisha hadi kwenye misuli, moyo na ini. Zilizo nyingi zaidi kwa binadamu ni asidi ya oleiki na asidi ya palmitiki, zikifuatwa na linoleiki na steariki.

Asidi hizi hazikai. Nusu ya zile zilizomo katika damu huondolewa ndani ya dakika mbili hadi nne tu, na nyingine huingia mahali pake. Insulini huzishusha haraka baada ya mlo. Adrenalini huzipandisha haraka pia. Kwa hiyo jibu la maabara linahusu dakika ile damu ilipotolewa, wala halisemi lolote la uhakika kuhusu jana au wiki iliyopita.

Je, kipimo cha kawaida cha lehemu na trigliseridi hakitoshi?

Hakitoshi, kwa kuwa kinapima kitu kingine. Trigliseridi za damu zimebebwa ndani ya chembe za lipoprotini na hubadilika kwa saa, huku asidi huru zikibadilika kwa dakika. Mtu anaweza kuwa na trigliseridi za kawaida na asidi huru za juu, au kinyume chake. Hata hivyo vipimo hivi viwili hugusana kwa njia moja yenye madhara: trigliseridi zikiwa nyingi katika sampuli, na ndani yake kukiwa na kimeng'enya cha kuzivunja, zitazalisha asidi huru mpya ndani ya mrija. Jambo hilo limeelezwa kwa kirefu hapa chini.

Ni wagonjwa gani wanaohitaji kipimo hiki?

Si wengi, na hakifai kuwekwa katika orodha ya uchunguzi wa kila mwaka. Kundi muhimu kuliko yote ni watoto ambao sukari yao hushuka bila sababu inayojulikana. Mtoto mwenye afya anapokosa chakula kwa muda mrefu, asidi huru hupanda na ini huzigeuza kuwa ketoni, hivyo vyote viwili vinapaswa kuwa juu. Ikiwa asidi huru ziko juu sana lakini ketoni ni chache kuliko inavyotarajiwa, daktari anapaswa kufikiria kasoro ya kurithi katika uchomaji wa asidi za mafuta, kwa mfano upungufu wa kimeng'enya kinachoshughulikia asidi za mnyororo wa kati. Ikiwa asidi huru na ketoni zote ziko chini wakati sukari imeshuka, kinachoshukiwa ni insulini kupita kiasi. Sampuli hiyo ni lazima itolewe sukari ikiwa bado iko chini, kabla mtoto hajapewa glukosi, ikiwa kufanya hivyo hakucheleweshi matibabu. Glukosi ikishaingia, ushahidi unafutika kwa muda mfupi.

Mantiki hiyohiyo ilisaidia kueleza jambo linalofahamika vyema katika nchi zenye malaria. Kwinini huchochea kongosho kutoa insulini, na wagonjwa wa malaria kali waliotibiwa kwa kwinini ya mshipa waliweza kushukiwa na sukari kwa sababu hiyo, mbali na sukari inayoshushwa na ugonjwa wenyewe. Artesuneti, ambayo sasa ndiyo dawa ya kwanza kwa malaria kali, haina tatizo hilo la insulini.

Matumizi mengine ni ya utafiti, hasa kuhusu kisukari na usugu wa mwili dhidi ya insulini. Mwaka 1963 Philip Randle na wenzake nchini Uingereza walieleza jinsi asidi za mafuta na glukosi zinavyoshindania nafasi ya kuchomwa katika misuli, na tangu hapo kipimo hiki hakijawahi kukosa kazi.

Mgonjwa ajiandae vipi?

Kwa kawaida damu hutolewa asubuhi baada ya mgonjwa kukaa bila kula kwa saa 10 hadi 12, akiruhusiwa maji matupu. Kahawa chungu isiyo na sukari haihesabiwi kuwa maji, ingawa wagonjwa wengi wa pwani huamini kwamba haivunji mfungo wa kipimo: kafeini huongeza uvunjaji wa mafuta. Nikotini hufanya vivyo hivyo, iwe ya sigara au ya ugoro. Aliyefika kwa miguu kutoka mbali, au aliyetetemeka kwa hofu ya sindano, apumzike ameketi kwa nusu saa hivi kabla ya kuchomwa, kwa sababu mazoezi na hofu hutoa adrenalini, na adrenalini hupandisha jibu. Ikiwa utafiti unahitaji sampuli nyingi kutoka kwa mtu mmoja, ni bora kuweka kanula, yaani mrija mwembamba unaobaki ndani ya mshipa, na kusubiri kuliko kumchoma mara kwa mara, na kanula hiyo isafishwe kwa maji ya chumvi, kamwe si kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Katika mwezi wa Ramadhani, saa ya sampuli iandikwe kwa uangalifu zaidi. Sampuli ya alasiri ya mfungaji inaonyesha mfungo mrefu, na asidi huru zake zitakuwa juu kuliko za saa mbili baada ya futari. Zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuzilinganisha kana kwamba zimetolewa katika hali moja.

Kwa nini heparini inaogopwa kiasi hicho?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila anayetoa damu alijue jibu lake. Heparini inapoingia katika mwili wa mgonjwa, hata kwa kiasi kidogo cha kusafishia kanula, huvibandua vimeng'enya vya lipesi vilivyoshikilia kuta za ndani za mishipa midogo na kuviachia katika damu. Ndani ya mwili, vimeng'enya hivyo huvunja trigliseridi na kupandisha asidi huru kwa kweli. Lakini vimeng'enya hivyohivyo huingia pia katika mrija wa sampuli na kuendelea na kazi: wakati mrija unasubiri katika kishikilia mirija, wakati unazungushwa, na hata plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na seli, ikiwa kwenye jokofu, ingawa kwa kasi ndogo. Jibu linalotoka ni jumla ya kilichokuwa katika damu na kilichotengenezwa ndani ya mrija, na hakuna hesabu ya kutenganisha viwili hivyo.

Ndiyo maana wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine, waliolazwa wakiwa na kanula zenye heparini, na wanaopewa mafuta ya mshipani ndio ambao majibu yao hayaaminiki kirahisi. Ikiwa ni lazima kuwapima, sampuli iingie moja kwa moja katika mrija uliokwisha kupozwa na uliowekwa kizuizi cha lipesi. Kizuizi kimoja kilichofanyiwa kazi vizuri ni tetrahaidrolipstatini, ambayo ndiyo orlistati, dawa inayojulikana zaidi kwa wanaotaka kupunguza uzito. Wengine walitumia paraoksoni, lakini hiyo ni sumu kali ya jamii ya viuatilifu, na maabara isiyo na kinga ya kutosha haifai kuigusa.

Madhara haya hayaishii katika kipimo hiki peke yake. Asidi za mafuta zinazozalishwa ndani ya mrija huing'oa homoni ya thairoksini kutoka kwenye protini zinazoibeba, hivyo kipimo cha thairoksini huru cha mgonjwa aliyepewa heparini kinaweza kutoka juu pasipo ugonjwa wowote wa tezi.

Ni mrija upi utumike, na sampuli ishughulikiwe vipi?

Kwa kazi nyingi mrija wenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, ule wa kifuniko cha zambarau, ndio unaofaa zaidi, kwa sababu plazma inaweza kutenganishwa mara moja bila kusubiri damu igande. Seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, nayo hukubaliwa na vitendanishi (kemikali za kipimo) vingi, ila muda wa kugandisha damu katika joto la chumba ni muda wa hatari, na joto la chumba la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari si lile lililofikiriwa na walioandika maelekezo ya kiwandani. Mrija uwekwe kwenye barafu papo hapo, uzungushwe kwa mashine iliyopozwa hadi nyuzi 4 ndani ya nusu saa, kisha plazma ihamishwe na kugawanywa katika vichupa vidogo kabla ya kugandishwa. Kugawanya huko kunaepusha kuyeyusha na kugandisha tena plazma ileile. Kwa kuhifadhi miezi mingi, friza ya nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri ndiyo salama. Ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri inatosha kwa muda mfupi tu, na haizuii kabisa lipesi iliyotokana na heparini.

Kipimo hiki kilifanywaje hapo mwanzo?

Mwaka 1956 Vincent Dole huko New York, na Robert Gordon akiwa na Amelia Cherkes huko Bethesda, walichapisha kazi zilizoonyesha kwamba kundi hili dogo la asidi hubeba sehemu kubwa ya nishati ya mwili unaofunga. Njia ya Dole iliheshimiwa kwa miongo mingi kwa sababu ya usahili wake. Plazma ilichanganywa na mchanganyiko wa isopropanoli, heptani na asidi ya salfuriki kwa uwiano wa 40:10:1. Asidi ya salfuriki hufanya asidi za mafuta ziachane na albumini, na isopropanoli hugandisha protini huku ikiruhusu vimiminika vyote vichanganyike. Kisha heptani zaidi na maji huongezwa, mchanganyiko hujitenga katika tabaka mbili, na asidi za mafuta hubaki katika tabaka la juu la heptani. Sehemu ya tabaka hilo hupimwa kwa titresheni, yaani kudondoshewa haidroksidi ya sodiamu yenye nguvu inayojulikana mpaka kiashiria kibadilike rangi, huku gesi ya nitrojeni ikipitishwa ili kufukuza kaboni dayoksaidi ya hewa ambayo nayo ni tindikali.

Udhaifu wake ni kwamba titresheni haijui asidi ipi ni ipi. Asidi ya laktiki kidogo huponyoka na kuingia katika heptani, na kwa mgonjwa mahututi au mtu aliyetoka kukimbia kiasi hicho kinatosha kupotosha jibu. Marekebisho ya mwaka 1960 yalileta hatua ya kuosha heptani kwa asidi ya salfuriki hafifu, na tatizo likapungua sana. Bado ni njia nzuri ya kufundishia, kwa kuwa mwanafunzi huona kwa macho yake kila hatua ya utenganishaji.

Njia ya sabuni za shaba ni ipi?

Asidi ya mafuta ikikutana na ayoni ya shaba hutengeneza sabuni ya shaba inayoyeyuka katika klorofomu, wakati shaba iliyobaki hukaa katika maji. Duncombe alitumia tabia hiyo mwaka 1963: klorofomu hutenganishwa, kitendanishi cha diethilidithiokabameti huongezwa, na rangi ya njano-kahawia inayotokea husomwa kwa spektrofotomita, yaani kifaa kinachopima ukolezi wa rangi kwa mwanga. Njia hii inahitaji plazma kidogo kuliko titresheni, lakini haishiki vizuri asidi zenye kaboni chini ya 12, na fosfolipidi za plazma huweza kuingia katika hesabu. Klorofomu pia si kitu cha kuvutwa kila siku katika chumba kisicho na kabati la kutolea hewa.

Maabara za sasa hutumia njia gani?

Nyingi hutumia njia ya vimeng'enya, iliyotokana na kazi za watafiti wa Japani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Haihitaji kutenganisha mafuta kwa vimiminika. Plazma huingizwa moja kwa moja, na mikrolita chache zinatosha. Kimeng'enya cha kwanza, asili-koenzaimu A sinthetesi, huiunganisha asidi ya mafuta na koenzaimu A kwa kutumia nishati ya ATP. Cha pili, asili-koenzaimu A oksidesi, huoksidisha zao hilo na kutoa haidrojeni peroksaidi. Cha tatu, peroksidesi, huitumia peroksaidi hiyo kuunganisha kemikali mbili zisizo na rangi, na kupatikana rangi ya zambarau inayosomwa karibu na nanomita 550. Kila molekuli ya asidi ya mafuta huzaa molekuli moja ya peroksaidi, hivyo ukolezi wa rangi hufuata wingi wa asidi.

Kati ya hatua ya kwanza na ya pili kuna jambo dogo linalosahaulika na wanaojitengenezea vitendanishi: koenzaimu A iliyobaki ina kundi la salfa linaloweza kula peroksaidi, kwa hiyo huzimwa kwanza kwa N-ethilimaleimidi. Vitamini C nayo hupunguza rangi na kutoa jibu la chini kuliko ukweli, ndiyo sababu vitendanishi vingi vina kimeng'enya cha kuiharibu kabla. Plazma ya njano sana kwa ugonjwa wa manjano, yenye weupe wa mafuta, au nyekundu kwa kupasuka kwa seli inahitaji kusomwa pamoja na sampuli tupu yake yenyewe, yaani plazma ileile bila vitendanishi vya kuleta rangi, ili rangi iliyokuwapo tangu mwanzo itolewe katika hesabu.

Kiwango rejea, yaani myeyusho wa kiasi kinachojulikana ambao sampuli hulinganishwa nao, kwa kawaida ni asidi ya oleiki. Anayekitengeneza mwenyewe kwa albumini lazima atumie albumini iliyosafishwa kwa mkaa, kwani albumini ya kawaida ya dukani huja ikiwa tayari imebeba asidi za mafuta.

Kromatografia inahitajika lini?

Kromatografia, yaani njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, inahitajika pale swali linapokuwa ni asidi zipi, si kiasi gani. Njia ya vimeng'enya hutoa jumla tu. Kromatografia ya gesi hutenganisha palmitiki, oleiki, linoleiki na nyingine moja baada ya nyingine. Kabla ya kuanza huongezwa kiasi kinachojulikana cha asidi ya kaboni 17, ambayo ni haba sana kwa binadamu, ili upotevu wa kila hatua uweze kukadiriwa. Haba si sawa na kutokuwapo: anayekunywa maziwa mengi huwa nayo kidogo, kwa kuwa hutengenezwa tumboni mwa wanyama wanaocheua.

Hatua ya hatari ni kugeuza asidi kuwa esta za methili ili ziweze kugeuka mvuke. Vitendanishi vikali kama boroni trifluoraidi katika methanoli huvunja pia trigliseridi na fosfolipidi, na kwa kuwa hizo ni nyingi mara kadhaa kuliko asidi huru, jibu linaweza kupanda kupita kiasi. Kwa hiyo asidi huru hutengwa kwanza, kwa mfano kwa safu ndogo ya aminopropili, ambapo klorofomu na isopropanoli huondoa mafuta yasiyo na chaji, kisha etha yenye asilimia 2 ya asidi ya asetiki huondoa asidi huru peke yake. Kromatografia ya kimiminika pamoja na spektrometa ya masi huepuka hatua ya methili kabisa.

Palmitiki na steariki zikijitokeza katika sampuli tupu isiyo na plazma, chanzo kitafutwe katika sabuni ya kuoshea vyombo, plastiki, na vidole visivyo na glavu.

Je, asidi zilizoshikwa na albumini zinaweza kuitwa huru kweli?

Huru hapa ni kutoka kwa gliseroli. Zile zisizoshikwa hata na albumini ni chini ya moja katika elfu, katika kiwango cha nanomoli kwa lita, na hakuna njia yoyote kati ya zilizotajwa inayozipima. Kwa kazi hiyo kuna protini ya utumbo inayoshika asidi za mafuta, iliyoambatishwa rangi inayong'aa. Inaposhika asidi, mng'ao wake huhama kutoka nanomita 432 kuelekea 505, na uwiano wa mng'ao huo ndio unaotoa jibu. Ni chombo cha utafiti.

Majibu huandikwa kwa vizio gani, na kiasi gani ni cha kawaida?

Kizio kinachopendekezwa ni milimoli kwa lita. Ripoti za zamani zilizoandikwa kwa miliekwivalenti kwa lita zina namba ileile, kwa kuwa kila asidi ya mafuta ina kundi moja la asidi. Milimoli 1 ya oleiki kwa lita ni kama miligramu 28 kwa desilita. Mtu mzima aliyelala bila kula mara nyingi huwa kati ya 0.3 na 0.6, mfungo wa siku nyingi unaweza kufikisha 1 hadi 2. Kila maabara itumie mipaka ya njia yake, na ripoti isiyoonyesha saa ya sampuli na muda wa kutokula irudishwe kwa aliyeiandika.

Maabara ya wilaya inaweza kufanya kipimo hiki?

Ikiwa ina spektrofotomita, kiangulizi cha nyuzi 37 na pipeti zilizohakikiwa, upimaji wenyewe hauishindi. Kinachoshinda wengi ni kitendanishi kilichokwisha kuyeyushwa, ambacho hudumu siku chache tu, wakati maombi ni mawili au matatu kwa mwezi. Ninashauri maabara hiyo iweke nguvu zake katika kutenganisha plazma vizuri na kuigandisha, kisha kuisafirisha katika barafu kavu hadi maabara kubwa inayopima kwa wingi. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, kipimajoto kinachohifadhi kumbukumbu ndani ya friza ni cha lazima, kwa sababu plazma iliyoyeyuka usiku na kuganda tena alfajiri haionekani kwa macho.

Kwa nini madaktari wa mifugo nao hukitumia?

Ng'ombe wa maziwa anapokaribia kuzaa, hamu yake ya kula hupungua huku mahitaji yake yakipanda, naye huanza kuyeyusha mafuta yake. Asidi huru zikizidi kama 0.3 mmol/L katika majuma mawili kabla ya kuzaa, au kama 0.6 hadi 0.7 baada ya kuzaa, hatari ya ketosisi, tumbo la nne kuhama na kizazi kuugua huongezeka. Sampuli hutolewa kabla ya lishe ya asubuhi, na kwa mashamba makubwa hupimwa kundi la ng'ombe kadhaa ili kuhukumu lishe ya zizi zima. Mfugaji wa Kilimanjaro au Kiambu mwenye ng'ombe wawili wa kulishiwa bandani hana kundi la kuhukumu. Kwake, baada ya kuzaa, kupima ketoni ya beta-haidroksibutireti kwa kifaa cha mkononi ni rahisi zaidi, na 1.2 mmol/L au zaidi ni ishara ya kuchukua hatua. Lakini kabla ya kuzaa ketoni hizo huchelewa kupanda, na hapo asidi huru ndizo zinazotoa onyo mapema.